Watu Juu ya Mti, Mti Chini ya Rangi

Kwenye mikutano ya siasa huku kwetu, iwe uwanja wa Posta mjini Bungoma au kule Kitale, miti hujaa vijana kabla mheshimiwa hajateremka garini. Michael Armitage, mchoraji Mkenya na Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, aliyaona hayohayo Uhuru Park mwaka 2017, alipofuatana na wanahabari wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani kabla ya uchaguzi wa Agosti. Miongoni mwa picha zilizotokana na siku hiyo ni The Fourth Estate: picha ndefu ya rangi za mafuta, yenye watu waliokwea mti.

Wataalamu hukimbilia kumtaja Francisco Goya, Mhispania ambaye miaka 200 hivi iliyopita alichora watu wamejikunyata kwenye tawi. Ni kweli, Armitage aliazima mpangilio ule, wala hakuficha. Wachoraji huazimana tangu zamani.

Mimi ningemwomba mtazamaji aanzie kwingine: rangi hiyo imepakwa juu ya nini? Turubai ya kawaida ni kitani au pamba iliyofumwa, nyuzi zimepishana sawasawa, ikavutwa kwenye fremu mpaka ikakaza. Armitage huchora juu ya lubugo, yaani gome la mutuba, mti wa jamii ya mikuyu unaoota Uganda na huku kwetu pia. Mafundi wa Buganda hubandua gome la ndani msimu wa mvua, wakalipondaponda kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likapanuka na kulainika, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili upone, na gome huota tena. Ufundi huo UNESCO iliutambua mwaka 2005.

Lubugo haikufumwa, kwa hiyo haina unyofu. Hapa ni nene, pale ni nyembamba. Palipokuwa na kovu la tawi hubaki tundu, na palipochanika hushonwa. Ikinyoshwa kwenye fremu hufanya mabonde na vilima. Brashi inayoteleza juu ya turubai hapa hukwama, na mstari wa mkono wa mtu hulazimika kupinda. Mchoraji mvivu angeziba matundu yote. Armitage huyaacha mengi, na mishono pia, ikapita katikati ya mwili au ya anga. Ndiyo maana picha zake zikichapishwa vitabuni hupoteza nusu ya utamu: karatasi ni laini mno.

Lipo neno la kusema dhidi yake. Buganda lubugo ni sanda, na ni vazi la sherehe za kifalme. Armitage aliikutia kwenye soko la watalii Nairobi, ikiuzwa kama ukumbusho wa safari. Ukiiona ukutani London, una haki ya kuuliza kama imeheshimiwa au imeuzwa mara ya pili. Kwa picha hii naona imeheshimiwa, kwa sababu watu wale mtini wamebebwa na mti wa kweli.

Armitage alisoma Slade, London, chuo kilekile alikosoma Mwingereza Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na baadaye mwanafunzi wake Sam Ntiro wa Machame. Hiyo ni njia mojawapo ambayo rangi za mafuta zilifika Afrika Mashariki. Miongo kadhaa baadaye Armitage akazikutanisha na gome.

Mwalimu wa sanaa wa Kitale au Bungoma anaweza kujaribu, maana Uganda ni ng'ambo tu ya Suam na Lwakhakha. Ila asipake rangi juu ya gome tupu. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na yakigusa nyuzi za mmea huzidhoofisha mwaka baada ya mwaka hadi zikavunjika. Atangulize gundi, aiache ikauke, ndipo ashike brashi.