Rubani Hujiandaa Kabla ya Kuingia Darasani

Askari aliyeko Jebel, mjini Juba, karibu na mlima wa Jebel Kujur, anaijua vema thamani ya ndege. Mvua zinyeshapo, barabara nyingi za Sudan Kusini hazipitiki, na watu, majeruhi na chakula hulazimika kupita angani. Yafaa basi aijue kazi anayoifanya rubani kabla ya kukabidhiwa ndege iliyo mpya kwake.

Leseni ya urubani peke yake haitoshi. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani wa ndege ihitajiyo marubani wawili awe pia na kibali cha aina ile ile ya ndege. Aliyezoea Boeing 737 haruhusiwi kurusha ATR 72 mpaka afundishwe upya. Vivyo hivyo, kuijua bunduki hakumpi askari haki ya kukabidhiwa mzinga.

Kozi ya kibali hicho ni ya majuma machache, na sehemu yake kubwa hufanyika katika simuleta, mtambo uigao mwendo wa ndege. Humo rubani hufanyishwa mazoezi ya injini kuzimika na moto kuwaka. Mwanafunzi afikaye mikono mitupu hupoteza saa zake akitafuta swichi, badala ya kujifunza kuamua.

Kwa sababu hiyo, rubani mwenye busara huanza nyumbani. Kwanza, huhifadhi kichwani mipaka ya ndege, yaani mwendo, uzito na joto la injini, pamoja na hatua za dharura zisizongoja kusomwa kitabuni. Pili, hubandika ukutani picha ya chumba cha marubani, akaketi mbele yake na kuizoeza mikono mpaka ijue kila swichi ilipo. Tatu, hufanya mazoezi ya kutamka na kujibu maneno ya kazi pamoja na mwenzake.

Mambo haya yamefunzwa kwa damu. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, Meja Ployer Hill, rubani hodari wa jeshi, aliirusha Boeing Model 299 bila vifungio vya mkiani kufunguliwa. Ndege ilianguka, naye akafa. Ajali hiyo ndiyo iliyowafanya marubani wa jeshi kutumia orodha ya ukaguzi. Na tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka mara baada ya kuruka usiku kutoka Douala, Kamerun, wakafa watu wote 114. Mtambo wa kuiongoza ndege yenyewe haukuwa umewashwa, wala hakuna rubani aliyethibitisha hali yake.

Hapa Juba kuna mtihani mwingine. Katika miezi ya Februari na Machi jua huwa kali mno. Hewa ya moto ni nyepesi. Mabawa huinua uzito mdogo zaidi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Rubani asiyeyazoea majedwali ya hesabu hizo ataruka kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, rubani akiagiza magunia kadhaa yateremshwe, askari asimdhanie kuwa mwoga wala asimshurutishe kwa cheo. Mzigo uliobaki chini utasafirishwa kesho. Roho iliyopotea hairudi.