Kuingia kwa Mwaliko: Mitandao Mipya ya Kijamii na Milango Yake

Mtandao wa kijamii unaozinduliwa kwa mwaliko haumpokei kila anayebisha hodi. Anayetaka kujiunga lazima apewe msimbo au kiungo na mtu aliyekwisha kuingia, na huyo naye ana mialiko ya kuhesabu, pengine mmoja au miwili tu. Wengine huandikisha majina yao na kusubiri. Hali hiyo huweza kudumu wiki kadhaa au hata miaka kabla mlango haujafunguliwa kwa wote.

Njia hii ilipata umaarufu mwaka 2004, tena kupitia barua pepe. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Google ilianzisha Gmail, ikimpa kila mtumiaji nafasi ya gigabaiti 1 wakati huduma nyingine zilitoa megabaiti chache. Kompyuta za kuhudumia umati hazikuwapo, hivyo ilianza na watu takriban 1,000, kisha ikawaruhusu waalike wenzao. Mialiko ikageuka bidhaa, ikauzwa kwenye minada ya eBay. Watu wote waliruhusiwa kujisajili bila kualikwa Februari 2007. Orkut, mtandao wa kijamii wa kampuni hiyohiyo, nao ulianza kwa mwaliko Januari 2004, ukashamiri Brazil na India kuliko Marekani ulikozaliwa. Hilo si ajabu, kwa kuwa mwaliko hufuata nyayo za urafiki: jamii ikishaingia, huvuta jamaa zake.

Kampuni zina sababu za kweli za kubana mlango. Seva huzidiwa watu wakifurika kwa siku moja. Kasoro za programu ni rahisi kurekebishwa wakiwapo watumiaji elfu chache kuliko wakiwapo milioni. Matapeli na wachochezi nao hudhibitiwa kwa urahisi zaidi katika kundi dogo. Pia kuna hamu, maana kilichozuiwa hutamaniwa, na kampuni hupata matangazo bila kulipa senti.

Hata hivyo, kilichoifaa Gmail hakiufai kila mtandao. Mwenye Gmail aliweza kumwandikia mtu yeyote mwenye anwani ya barua pepe, hata kama hakualikwa. Mtandao wa kijamii hauna bahati hiyo: rafiki akiwa nje, aliye ndani hana wa kuzungumza naye. Google Wave ilionyesha hivyo mwaka 2009. Ilikuwa huduma ya watu kuandika na kufanya kazi pamoja papo kwa papo, na Septemba ilianza kugawa mialiko kwa watu 100,000. Wengi waliingia wakakuta wenzao wa kazi hawamo. Agosti 2010 Google ilitangaza kuacha kuiendeleza. Ugumu wa kuitumia ulichangia, lakini mlango mwembamba uliinyima kitu ilichokihitaji kuliko vyote, yaani watu wanaofahamiana.

Clubhouse ndiyo iliyopanda na kushuka kwa kishindo zaidi. Ilianzishwa mwaka 2020 na Paul Davison na Rohan Seth, ikawa mahali pa mazungumzo ya sauti tupu wakati korona imewafungia watu majumbani. Kila mwanachama alipewa mialiko michache, na jina la aliyemwalika lilibaki kwenye wasifu wake, kila mtu alione. Mwishoni mwa Januari 2021 Elon Musk alizungumza humo na chumba kikajaa. Lakini programu ilikuwa ya iPhone pekee. Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android, kizuizi hicho kilikuwa kizito kuliko mwaliko wenyewe, na ni haki kusema kwamba kiliwabagua watu kwa uwezo wa mfuko. Matapeli wakaona mwanya: Machi 2021 watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua programu bandia iliyojifanya Clubhouse ya Android, kumbe inaiba nywila. Mwezi huohuo Oman iliifungia Clubhouse kwa kukosa kibali.

Toleo la Android lilikuja Mei, na mialiko ikafutwa Julai 2021. Kufikia hapo Twitter ilikuwa na Spaces, vyumba vyake vya sauti, na watu katika nchi nyingi walikuwa wameanza kutoka majumbani. Aprili 2023 Clubhouse ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake.

Bluesky, programu ya mtandao wa kijamii iliyochipuka ndani ya Twitter mwaka 2019 na baadaye kuongozwa na Jay Graber kama kampuni huru, ilianza kutoa misimbo mwaka 2023. Msimbo ulianza na maneno bsky-social, ukifuatwa na herufi na tarakimu. Mlango huo haukuzuia kila ubaya: Julai 2023 watumiaji walilalamika kwamba akaunti iliruhusiwa kusajiliwa kwa jina la matusi ya kibaguzi, na kampuni ikaomba radhi. Ila muda huo uliwawezesha wahandisi kujenga zana za kudhibiti maudhui kabla ya umati kufika. Misimbo ilipoondolewa Februari 2024, Bluesky ilikuwa na watu takriban milioni 3. Brazil ilipoifungia X, jina jipya la Twitter, mwishoni mwa Agosti, Wabrazili walihamia kwa wingi, na baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba idadi ikapita milioni 20, bila yeyote kati ya wageni hao kuulizwa msimbo.