Fahamu: Kwa nini nyumba nyingine hukaa sokoni miezi mingi
Nyumba isiyopata mnunuzi Dar es Salaam mara nyingi ina tatizo la bei kuliko la rangi. Muuzaji hupiga hesabu ya saruji, nondo na mabati aliyonunua, ilhali mnunuzi anauliza nyumba ya jirani iliuzwa kiasi gani. Kipimo ni bei iliyolipwa mtaani, si ile inayotajwa na dalali. Mthamini aliyesajiliwa huweza kuithibitisha, kisha huongezwa kiasi kidogo cha kupunguza, maana mnunuzi hakosi kuomba apunguziwe.

Karatasi nazo hukwamisha mauzo: hati miliki au leseni ya makazi, risiti za kodi ya pango la ardhi, na ridhaa ya mwenzi, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka kwa nyumba ya familia.

Matengenezo yawe madogo: bomba linalovuja, kitasa kibovu. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu ni kutupa fedha. Mvua ya kwanza huyarudisha madoa.

Faida ya mauzo hutozwa kodi ya asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania, na umiliki hauhamishwi kabla kodi hiyo haijalipwa.