VITA VYA BIAFRA: MAPIGANO MAKUU NA ADUI ASIYESHIKA BUNDUKI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba vita havina macho. Ukitaka kuuona ukweli wa methali hii, twende sote hadi Nigeria, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa kandanda na kwa Chinua Achebe, mtunzi wa riwaya tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Kuanzia Julai 1967 hadi Januari 1970 wananchi wa nchi hiyo walipigana wenyewe kwa wenyewe. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya milioni moja na milioni tatu. La ajabu ni kwamba wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Nitaeleza mapigano makuu, kisha utajionea mwenyewe waliuawa na nini.

Kwanza chanzo. Nigeria ilipata uhuru mnamo 1960. Mwezi wa Januari 1966 wanajeshi waliipindua serikali, na Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa akauawa. Julai mwaka huo huo yakaja mapinduzi mengine, yakamweka Yakubu Gowon madarakani. Katika mwaka huo maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa, na waliobaki wakakimbilia kwao mashariki na vifurushi vichwani. Tarehe 30 Mei 1967 Kanali Ojukwu akatangaza kwamba mashariki sasa ni nchi huru iitwayo Biafra. Mashariki kulikuwa na mafuta. Basi hapo cheche ilikuwa imeangukia petroli.

Vita vilianza tarehe 6 Julai 1967. Jeshi la serikali liliingia kutoka kaskazini, na baada ya siku chache likauteka mji wa Nsukka wenye chuo kikuu. Ni katika eneo hilo la Nsukka ambako mshairi Christopher Okigbo alifia vitani mwaka huo, akiwa upande wa Biafra. Sisi wapenzi wa mashairi tujiulize, ni tungo ngapi zilizozikwa naye? Mwezi huo huo wanajeshi wa majini wakiongozwa na Benjamin Adekunle, aliyepewa jina la Nge Mweusi, waliteka Bonny, bandari ya kusafirishia mafuta.

Biafra nayo haikulala. Tarehe 9 Agosti askari wake walivuka daraja la Mto Niger, wakauteka mji wa Benin siku hiyo hiyo, wakasonga mbele hadi Ore, karibu kilomita 200 tu kutoka Lagos uliokuwa mji mkuu. Jamani, Lagos ilitetemeka! Lakini Ore ndipo walipokomea. Walirudishwa nyuma, na tarehe 4 Oktoba Enugu, mji mkuu wa Biafra, ukaanguka.

Siku hizo hizo za Oktoba jeshi la serikali lilifika Asaba, ukingoni mwa Mto Niger. Wakazi walitoka kulipokea kwa ngoma na nyimbo za umoja. Wanaume na wavulana wakatengwa na wanawake, wakapigwa risasi kwa mamia. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa rika letu. Hayo siwezi kuyaita mapigano, kwa sababu upande mmoja haukuwa na silaha.

Ng'ambo ya mto, Onitsha ulipiganiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutekwa Machi 1968. Tarehe 31 mwezi huo, huko Abagana, Wabiafra waliuvizia msafara mkubwa wa magari ya jeshi. Lori la mafuta lilipopigwa, lililipuka na moto ukayala magari mengine. Huo ulikuwa ushindi wao mkubwa, lakini haukubadilisha mkondo wa vita.

Kwa nini? Mwezi wa Mei 1968 Port Harcourt ulitekwa. Mji huo ulikuwa mlango wa mwisho wa Biafra kuelekea baharini. Tangu hapo Biafra ikawa kama kisiwa kilichozungukwa na bunduki badala ya maji. Chakula kikawa kinaletwa usiku kwa ndege, zikitua Uli kwenye barabara ya lami iliyopanuliwa, taa zikiwashwa kwa muda mfupi tu ili zisipigwe mabomu. Hakikutosha. Watoto walivimba matumbo na nywele zao zikageuka nyekundu kwa kukosa protini. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Siku nikikosa chamcha, hesabu za alasiri hazipandi kabisa. Sasa mfikirie mtoto aliyekaa hivyo miezi na miezi. Huyo ndiye adui asiyeshika bunduki, na ndiye aliyeua wengi kuliko Nsukka, Ore na Abagana zikijumlishwa pamoja.

Afrika iligawanyika. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, kwa msimamo kwamba umoja hujengwa juu ya ridhaa ya watu. Zambia nayo ikafuata. Kenya haikuitambua. Majirani wawili, misimamo miwili! Jambo hili linafaa mjadala katika chama chetu.

Aprili 1969 Wabiafra waliukomboa Owerri, lakini mwezi huo huo wakaupoteza Umuahia. Januari 1970 Owerri ulianguka tena. Ojukwu akakimbilia Ivory Coast, na tarehe 15 Biafra ikasalimu amri rasmi. Gowon akatangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Maneno matamu, ila watu wengi wa mashariki waliokuwa na akiba benki waliambulia pauni 20 tu, hata kama waliweka mamia.

Msomaji mwenzangu, tunaposoma historia tunapenda kukariri nani aliteka mji gani na tarehe gani, maana hayo ndiyo huulizwa katika mtihani. Tuyakariri, sawa. Lakini tuulize pia watu wa mji huo walikula nini usiku ule. Nasi Wakenya, tuliomwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, tukisikia mtu akisema "watu wa kabila fulani warudi kwao", tukumbuke kwamba Nigeria nayo ilianzia hapo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.