Chanzo cha Uhai na Dalili za Uhai

Miongoni mwa istilahi za sayansi zinazochanganywa mara kwa mara ni "chanzo cha uhai" na "dalili za uhai". Ya kwanza yahusu swali hili: uhai ulitokeaje katika vitu visivyo hai? Ya pili yahusu swali jingine: tunajuaje kwamba zamani fulani uhai ulikuwapo? Twasema "uhai", wala si "maisha", kwa kuwa maisha ni mwenendo wa aliyekwisha kuwa hai. Ili kuzipambanua istilahi hizo tutatumia madini ya wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi: nikeli ya Nachingwea na kinywe cha Ruangwa.

Katika kilima cha Ntaka, Nachingwea, nikeli imo ndani ya salfaidi, yaani imeungana na salfa, pamoja na chuma. Mwaka 1988 mwanakemia Mjerumani, Günter Wächtershäuser, alieleza nadharia kwamba uhai ulianzia juu ya uso wa salfaidi ya chuma, penye maji ya moto yatokayo ardhini. Mwaka 1997 yeye na Claudia Huber walionyesha katika maabara kwamba salfaidi za chuma na nikeli huweza kuunganisha kampaundi sahili za kaboni zikawa asidi asetiki, ile iletayo ukali wa siki. Hapo salfaidi ni "kichocheo": huharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kwisha. Hili ni jambo la chanzo, nalo limejibiwa kwa sehemu tu, kwani asidi si kiumbe.

Kinywe ni kaboni. Kile cha Ruangwa kimo katika miamba ya Mkanda wa Msumbiji, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo takriban miaka milioni 600 iliyopita. Mara nyingi kinywe cha miamba ya namna hiyo hutokana na mabaki ya viumbe vidogo yaliyofukiwa katika matope. Huko Isua, Greenland, kinywe cha miaka ipatayo bilioni 3.7 kimechunguzwa kwa kuwa kina kaboni nyepesi kwa wingi, na viumbe hupendelea kaboni hiyo. Hata hivyo kinywe huweza kutokea pasipo kiumbe chochote. Ndiyo maana twaiita "dalili", wala si "ithibati".

Kwa hiyo mwalimu ashikaye kipande cha kinywe mbele ya wanafunzi wake asiseme kwamba uhai ulianzia Ruangwa. Aseme kwamba kaboni ile yaelekea iliwahi kuwa mwilini mwa viumbe, wakati uhai ulikwisha kuwa wa kale sana duniani.