Bandeji Ikifunguliwa, Kazi Ndiyo Yaanza

Wakazi wa Milima ya Uluguru wanaujua ukungu. Alfajiri huko Nyandira, Bunduki au Tegetero, mtu hutoka nje asiuone hata mti ulio hatua ishirini mbele yake. Lakini jua likipanda, ukungu hutawanyika na mabonde huonekana tena. Wapo, hata hivyo, vijana miongoni mwetu ambao ukungu wao hauondolewi na jua. Huamka nao na kulala nao. Mwezi mmoja huuona kama miwili au mitatu. Herufi za ubaoni huwa na vivuli pembeni. Taa ya pikipiki usiku huwatawanyikia machoni kama utando wa buibui.

Baadhi ya vijana hao wana ugonjwa wa konea uitwao keratokonasi. Leo tungependa kusema neno juu yao, na hasa juu ya wale waliokwisha kupasuliwa. Tunafanya hivyo kwa sababu jamii yetu ina desturi ya kumpongeza mgonjwa siku anapofunguliwa bandeji, kisha ikamwacha peke yake katika sehemu ngumu zaidi ya safari yake.

Konea ni kile kioo kiangavu kilicho mbele ya mboni ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimeta tu, nayo haina mshipa wowote wa damu. Kiasi cha theluthi mbili ya kazi ya kuikusanya nuru ili picha itue sawasawa nyuma ya jicho hufanywa na konea. Katika ugonjwa huu, konea hupungua unene, ikalegea na kutokeza mbele mfano wa pia wanayochezea watoto. Kioo kilichopinda hivyo hakiwezi kutoa picha moja safi. Ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza John Nottingham aliuandika kwa kirefu mwaka 1854, kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe na huweza kuendelea hadi mtu anapovuka miaka thelathini. Kuyafikicha macho mara kwa mara, kama wafanyavyo watoto wenye mzio unaowasha macho, huuzidisha.

Hapana budi kwanza tuondoe kosa moja lililoenea. Wananchi wengi wakisikia upasuaji wa jicho hufikiria mtoto wa jicho. Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho mara nyingi huanza kuona vizuri siku moja au mbili baada ya bandeji kufunguliwa, na jirani zake hushangilia. Basi kijana wa keratokonasi naye hungojewa kwa matumaini hayo hayo. Siku inapowadia, akasema kwamba anaona ukungu, nyumba nzima huinamisha vichwa. Husemwa kwamba fedha zimepotea au daktari amekosea. Ukweli ni kwamba maradhi haya mawili ni tofauti, na kupona kwake ni tofauti.

Matibabu ya konea iliyochongoka ni ya daraja mbalimbali. Mwanzoni miwani hutosha. Baadaye huhitajika lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Ugonjwa ukiwa ungali unaendelea, iko njia iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 2003: konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi zake zikazane. Njia hiyo huuzuia ugonjwa usisonge mbele; haiahidi kurudisha macho yalivyokuwa. Iko pia njia ya kupenyeza ndani ya unene wa konea vipande vyembamba vya pete za plastiki, ambavyo huishusha ile pia. Daktari Joseph Colin wa Ufaransa alianza kuzitumia pete hizo kwa ugonjwa huu mwaka 1997. Na pale ambapo konea imekwisha kuharibika mno, huondolewa sehemu yake ya katikati, yote au tabaka zake za mbele tu, na kupandikizwa konea ya marehemu aliyeitoa.

Sasa na tutazame yanayofuata. Tuchukue mfano wa kijana mkulima wa kabichi na karoti huko Mgeta, aliyepandikizwa konea katika jicho la kulia. Siku ya kwanza huona nuru na maumbo, na jicho humkwaruza kana kwamba limeingia mchanga. Hilo ni la kawaida. Konea yake imeshikizwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kwa kuwa haina mishipa ya damu, kidonda chake hupona polepole mno. Nyuzi hizo huweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Kila uzi huivuta konea upande wake, na kila daktari anapoutoa mmoja, umbo la konea hubadilika na uonaji hubadilika nao. Wiki hii ataona vizuri hata atambue uso wa jirani ng'ambo ya kijito. Wiki ijayo ataona vibaya zaidi. Miwani aliyopimwa mwezi wa nne huenda isimfae mwezi wa nane. Baada ya yote hayo, wengi bado huhitaji miwani au lenzi ngumu ili kupata uonaji wao ulio bora. Kuvaa miwani baada ya kupandikizwa si dalili kwamba upasuaji umeshindwa.

Aliyewekewa pete hupona mapema kuliko aliyepandikizwa, lakini naye ana mashaka yake. Uonaji wake hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Usiku taa huzungukwa na duara za mwanga, na magari yanayokuja mbele humtia kiwi. Wengi huyazoea mambo hayo kadiri muda unavyopita. Wachache wasioweza kuyavumilia hutolewa pete hizo au kubadilishiwa.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Mtu huona kwa ubongo kama anavyoona kwa jicho. Kijana wetu kwa miaka mingi ameishi na picha zilizovunjika, na sasa jicho moja linaleta picha nyingine kabisa. Mpaka macho hayo mawili yapatane, hukosea kupima umbali. Humimina chai pembeni ya kikombe. Hukanyaga hewa akidhani ni ardhi. Kwa mtu wa mjini anayetembea barabara ya lami hayo ni usumbufu. Kwa mtu wa Uluguru ni hatari. Njia zetu ni za mteremko, zenye mizizi na mawe yenye utelezi, na mashamba yetu yamepanda mlima kama ngazi. Kuteremka ndiko kunakomponza, kwa maana huko ndiko jicho linakotakiwa kumwambia mguu ukomo wa hatua.

Ushauri hapa si mgumu. Atembee na fimbo katika miezi ya mwanzo, tena afuatane na mtu katika njia asiyoizoea. Amiminapo kinywaji, mdomo wa birika uguse ukingo wa kikombe. Avae kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua, kwa kuwa mwanga utamuumiza. Asibebe mzigo wa mboga wala kushika jembe mpaka daktari amruhusu. Akae mbali na moshi wa mafiga. Alalapo, jicho likingwe kwa ngao aliyopewa. Asiendeshe pikipiki mpaka apimwe na kuambiwa kwamba macho yake yanafaa. Na asilifikiche jicho hilo, hata kama linawasha namna gani. Jicho lililopandikizwa halirudii nguvu zake zote za awali. Tawi la mti, ngumi au mpira wa miguu vyaweza kuufumua mshono hata baada ya miaka.

Lililo zito kuliko yote ni dawa za matone. Mwili huweza kuitambua konea mpya kuwa mgeni na kuishambulia. Konea ina heri kuliko viungo vingine, kwa sababu haina damu na kwa hiyo haikutani sana na askari wa mwili. Tena waliopandikizwa kwa ajili ya keratokonasi hufanikiwa kuliko waliopandikizwa kwa sababu nyingine nyingi. Taarifa ya madaktari Yorston, Wood na Foster juu ya upandikizaji barani Afrika, iliyochapishwa mwaka 1996, ilionyesha hivyo. Lakini hatari ipo, nayo yaweza kuja baada ya miezi au miaka. Dalili zake ni nne: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuumizwa na mwanga, na uonaji kupungua. Mwenye dalili hizo asingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa katika kadi. Amwone mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Akiwahi, mara nyingi konea huokolewa kwa dawa. Akichelewa, huweza kuipoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Matone yenyewe nayo yana makali pande mbili. Yale yanayozuia mwili usiikatae konea yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo mgonjwa asiyaache kwa kujiona amepona, wala asijinunulie chupa nyingine dukani kwa kukumbuka rangi ya kifuniko. Na mtu yeyote asimtilie majani wala maji ya dawa za kienyeji, hata kama anamtakia mema.

Hapo ndipo jamii inapoingia. Sisi twajua kwamba kwa desturi za Waluguru, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Mara nyingi ndiye aliyeuza mazao, akakusanya michango na kumpeleka kijana Dar es Salaam, Moshi au hata Nairobi. Ni haki yake kuuliza matokeo. Lakini tungependa aulize maswali yanayofaa. Asiulize, "Mbona bado unapapasa?" Aulize kama matone yametiwa leo, kama nauli ya kliniki ijayo ipo, na kama nyuzi zimekwisha kutolewa. Walimu nao wasimwite mvivu mwanafunzi anayeomba kukaa mbele au kusoma maandishi makubwa. Waajiri wasimfukuze kazi mtu ambaye jicho lake lingali katika mwaka wake wa kwanza.

Aidha, yapo mambo yanayopita uwezo wa familia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dar es Salaam kutoka Morogoro kuwa ya takriban saa mbili. Lakini kutoka Mgeta hadi kituo cha treni bado ni safari ya barabara ya mlima, na aliyetibiwa Moshi hana budi kupita Chalinze, Segera na Same kila anapoitwa. Watu huacha kwenda kliniki kwa sababu ya nauli, si kwa sababu ya upuuzi. Tunapendekeza basi kwamba wagonjwa hawa wakabidhiwe rasmi, kwa barua ya daktari aliyewapasua, kwa wataalamu wa macho walio mkoani, ili ukaguzi wa kawaida na upimaji wa presha ya jicho ufanyike Morogoro. Vituo vya afya vya milimani navyo vifundishwe zile dalili nne, ili mgonjwa apewe rufaa bila kucheleweshwa. Na katika kuitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, wahusika wakumbuke kwamba kulipia upasuaji bila kulipia matone, miwani na lenzi ni kama kununua mbegu bila kuipalilia.

Hatimaye, konea hutoka kwa binadamu mwenzetu. Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho mjini Addis Ababa mwaka 2003, na Nairobi iko benki ya macho katika hospitali ya Lions. Hapana sababu ya Watanzania kulionea haya jambo hili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliye hai na alizungumze na jamaa zake mapema, maana msibani si mahali pepesi pa kuanza mazungumzo hayo.

Konea ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio katika binadamu ilishonwa na daktari Eduard Zirm katika mji wa Olomouc mnamo Desemba 1905. Mgonjwa hakuwa tajiri. Alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa. Alipandikizwa macho yote mawili. Moja lilishindwa, la pili likabaki angavu, na kwa jicho hilo moja kibarua yule akarudi kazini.

Kijana wetu wa Mgeta naye aweza kurudi shambani kwake. Hatarudi kesho, wala mwezi ujao. Atarudi akiwa na miwani, na kofia, na tahadhari ambayo hakuwa nayo zamani. Muda huo wa kungoja ni sehemu ya matibabu yake, na ni wajibu wetu sote kumpa.