Fahamu: Kwa nini watengenezaji programu wa Dar hawafuati kila wimbi

Utafiti wa mwaka 2025 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengenezaji programu, uliojibiwa na watu zaidi ya 49,000, unaonyesha lugha ya programu ya JavaScript bado inaongoza, inatumiwa na takriban asilimia 66. Python inapanda kwa kasi, ikisukumwa na akili mnemba.

Je, mawimbi hayo yanafika Kinondoni na Temeke? Yanafika, ila yanachujwa. Kijitonyama, yaliko makao ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na kituo cha ubunifu cha Buni, kijana anayejifunza kutengeneza programu hukutana na JavaScript na Python zilezile za dunia nzima. Lakini mteja wake anaweza kuwa muuza duka wa Mbagala mwenye kitochi. Huyo hahitaji programu ya kupakua. Anabonyeza *150*00# na M-Pesa inafunguka, bila bando. Teknolojia hiyo ya USSD haina mvuto mitandaoni, lakini ndiyo inayobeba miamala ya watu wasio na simu janja. Takwimu za dunia haziisemi sana, na hapo ndipo zinapopotosha.

Kwa wenye simu janja, Flutter, zana ya Google ya kutengeneza programu iliyotoka rasmi Desemba 2018, inapunguza gharama: msimbo mmoja unatosha kwa Android na iPhone.

Na akili mnemba? Asilimia 84 ya waliojibu utafiti wa Stack Overflow wanaitumia au wanapanga kuitumia, ilhali asilimia 46 hawaamini usahihi wa majibu yake. Anayeanza leo asome misingi kwanza, kisha amuulize mteja anashika simu gani.